Kipimo cha Mdomo na Kipimo cha Mkasi

Shangazi yangu amewashonea wanawake wa Malindi kwa zaidi ya nusu ya umri wake, katika chumba cha mbele cha nyumba yake pale Shella, na katika miaka yote hiyo hajapata kumtajia mteja hata mmoja kipimo chake cha kweli.

Si mwongo. Ni desturi ya kazi yake. Huzungusha tepu kifuani mwa mtu, akaitazama kwa jicho moja, kisha akatamka namba kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Arobaini!" Mteja hutabasamu. Waliokaa mkekani wakingoja zamu hutikisa vichwa kwa heshima. Halafu shangazi huinamia daftari lake na kuandika arobaini na nne.

Namba ya kwanza anaiita kipimo cha mdomo. Ya pili ni kipimo cha mkasi. Tofauti kati ya hizo mbili ina kanuni zake: inchi mbili kwa mwanamke anayejijua, nne kwa asiyejijua, na sita kwa mama wa bi harusi, "kwa sababu wiki ile ana mengi." Pembeni mwa namba huandika maneno machache ya kumsaidia wakati wa kukata. Bega gani limeshuka. Nani huvuta pumzi ndani anapopimwa. Nani hutaja kipimo cha dada yake akidai ni chake. Daftari hilo hulala chini ya mto wake, na mume wake, Mungu amrehemu, alifariki bila kulifungua.

"Mafundi wa kushona wamejaa mji huu," aliniambia siku moja. "Wengine wanashona vizuri kuliko mimi. Mimi wananijia kwa sababu ninanyamaza."

Mambo yalianza pale mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke aliyeshika mkasi chini yake kwa miaka minane, alipoolewa Mambrui na kufungua chumba chake cha kushonea huko. Wakakubaliana kugawana kazi. Shangazi apime, maana wanawake wa Mambrui hawakutaka kuzungushiwa tepu na mkono mwingine. Yule wa Mambrui akate na kushona, maana macho yake bado yanaliona tundu la sindano. Tatizo likawa daftari. Daftari ni moja na halikai mahali pawili, na mwandiko wa shangazi huusoma yeye peke yake, tena si kila siku.

Mimi, binti wa kaka yake, nafundisha kuandika programu za kompyuta katika chuo kidogo mjini, juu ya duka la vitambaa la ndugu wawili wa Kihindi ambako shangazi hununua lesi zake. Nikasema, kwa uchangamfu wa mtu asiyejua linalomngoja, kwamba nitawaandikia programu.

Na kazi ya kwanza ilikuwa kubwa. Harusi ya Mambrui, wanawake kumi na wanne, sare ya lesi ya zambarau, wiki tatu. Wote walikuja Shella kupimwa kwa siku moja, wakajaa mpaka uani. Nguo zile zikipendeza, shangazi angewapata wanawake wa Mambrui wote. Zikienda mrama, angewapoteza hata wale aliokuwa nao, kwa kuwa wanawake kumi na wanne waliokasirika hawahitaji redio kueneza habari.

Hebu nieleze nilichokitengeneza. Usiogope, si jambo gumu, na nimewahi kulieleza kwa watu waliokuwa wakisinzia.

Katika aina ya programu ninayofundisha, tunajenga vitu. Kitu ni kama mtu mdogo anayeishi ndani ya kompyuta. Kina mambo kinayoyajua moyoni, na kina maswali kinayokubali kuulizwa. Ya moyoni hayaguswi na mtu wa nje. Ukitaka kujua jambo, unagonga mlango, unauliza, nacho kinakujibu kwa namna kilivyofunzwa. Kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza kwa nini tujisumbue hivyo. Si tusome tu moja kwa moja kilichomo ndani? Nami humuuliza kama yeye huwatembelea watu kwa kupitia dirisha la chumba cha kulala. Darasa hucheka, na mtu akishacheka ameshaelewa nusu. Jambo hili mimi naliita kusitiri. Faida yake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kupanga upya vyombo vyake ndani, na wageni mlangoni wasijue wala wasiathirike.

Basi nikajenga kitu nilichokiita Mteja. Moyoni kilikuwa na kipimo cha mkasi pamoja na yale maneno ya pembeni, ambayo shangazi alinisomea kwa kunong'ona ingawa tulikuwa peke yetu. Mlangoni kilikubali maswali mawili. Ukikiuliza kitambaa kiasi gani kinahitajika, kilipiga hesabu kwa kipimo cha kweli na kutaja mita. Ukikiuliza kipimo, kilipunguza inchi kwa kanuni za shangazi na kutaja kipimo cha mdomo.

Shangazi alikijaribu mwenyewe. Akauliza nyonga za mama wa bi harusi, ambazo tepu ilisema ni hamsini na mbili. Kompyuta ikajibu arobaini na sita. Akaipigia makofi.

"Ana adabu huyu," akasema. "Nani kamlea?"

Kilichobaki ni kumpeleka Mteja Mambrui, na hapo ndipo nilipojikwaa. Kitu kilicho hai ndani ya kompyuta hakitumwi kwa simu kikiwa hivyo hivyo. Lazima kwanza kigeuzwe kuwa maandishi, herufi baada ya herufi, yatumwe, kisha upande wa pili kitu kijengwe upya kutokana na maandishi hayo. Mimi nakuita huku kufungasha na kufungua. Zana za kufungasha ni nyingi na ni za bure, mtu anachukua tu. Niliyoichukua ilikuwa ya heshima sana. Ilikwenda mlangoni kwa Mteja, ikauliza kila swali linaloulizika, ikaandika majibu.

Umeshaona kosa? Mimi sikuliona, na ndiye ninayelipwa kulifundisha.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ya shangazi ikalia nikiwa naye. Alikuwa ameshika pini mdomoni, kwa hiyo aliiweka simu mezani na kuongeza sauti.

"Bi, shikamoo," akasema fundi wa Mambrui. "Bi, gauni limemshika."

"Marahaba. Limemshika nani?"

"Mama wa bi harusi. Limeingia kichwa na mkono mmoja. Sasa halipandi wala halishuki."

Nyuma yake ikasikika sauti kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. "Mwambie nasikia kila kitu!"

"Umekata kwa kipimo gani?" shangazi akauliza, pini zikimdondoka moja moja.

"Kilichokuja kwenye simu, Bi. Arobaini kifua, arobaini na sita nyonga."

"Na hukushangaa? Mwanamke umemwona kwa macho yako!"

"Nilishangaa, Bi. Lakini nikajiambia, mimi na wewe tuna haya. Kompyuta haina haya. Itasema kweli."

Shangazi akanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo tangu siku nilipokata pazia lake kutengeneza nguo ya mwanasesere. Kisha akaisogelea simu na kusema, kwa sauti tamu kabisa, "Chana mshono wa ubavuni, polepole. Na mwambie mama yetu asiwe na wasiwasi, lesi za siku hizi hujikunja zikipata joto."

"Nilijua!" ikasema sauti ya tangini. "Nilihisi inajikunja!"

Zana yangu ya heshima ilikuwa imefungasha kipimo cha mdomo na kukiacha cha mkasi nyumbani. Iliuliza kama mgeni, ikajibiwa kama mgeni. Fundi wa Mambrui hakuwa mgeni, alikuwa wa nyumbani, lakini zana haikujua hivyo. Nimewaonyesha wanafunzi wengi kosa hili tangu hapo, na huwaambia wasione aibu wakilifanya. Kila mmoja wetu hudhani kwamba kitu kikijibu vizuri kimesema yote.

Nikatafuta zana nyingine, na ya pili haikuwa na habari ya mlango. Hii hupita ukutani. Huchukua kila kilichomo moyoni mwa kitu, kama kilivyo, na kukiandika. Waliotunga lugha za kompyuta waliruhusu jambo hili kwa makusudi, maana bila hivyo kufungasha ni kazi ya kuchosha, na sisi waandishi wa programu hatupendi kazi ya kuchosha. Mstari mmoja niliandika, Enter moja nikabonyeza, na wanawake kumi na wanne wakafika Mambrui wakiwa na inchi zao zote.

Gauni la pili la mama wa bi harusi likamkaa vizuri. Shangazi akanisamehe na kunipikia samaki wa kupaka. Nikajiona bingwa.

Dalili ilikuja, nikaicheka. Fundi alitaka kurekebisha mkono wa gauni la mteja mmoja, kutoka inchi ishirini na mbili hadi ishirini na mbili na nusu. Badala ya kupitia programu, alifungua maandishi yenyewe kwenye simu na kuandika namba mpya humo humo, ila nukta ikamponyoka, ikasomeka mia mbili ishirini na tano.

"Bi, kitambaa hakitoshi," akapiga simu. "Programu inasema mkono mmoja tu unakula karibu mita sita."

"Anataka kumkumbatia nani?" shangazi akauliza. "Mtu aliyeko kule Gongoni?"

Mteja niliyemjenga Shella asingekubali mkono wa namna hiyo. Mlangoni niliweka ukaguzi: mkono usizidi urefu wa mwili, kiuno kisiwe sifuri, na kadhalika. Lakini kitu kinachofunguliwa kutoka kwenye maandishi kilikuwa hakipiti mlangoni. Kilizaliwa kikiwa mtu mzima, na yote yaliyoandikwa yakawa ndiyo kweli yake. Nilirekebisha nukta nikiwa nacheka. Ilinipasa nikae chini nifikiri. Maandishi yanayoweza kuguswa na mkono wowote yanaweza pia kusomwa na jicho lolote.

Kioo cha simu ya fundi wa Mambrui kilikuwa na ufa, na ufa ulipita katikati ya namba. Akachoka kukisia kama ile ni tatu au nane. Akaenda duka la kuchapisha karibu na msikiti, akachapishiwa faili lote, kurasa nne, akazibandika kwa pini ukutani juu ya cherehani yake. Alikuwa na sababu nzuri. Alitazama namba tu, upande wa kushoto, na hakuwa na haja ya kusoma mpaka mwisho wa mstari. Kule mwisho wa mstari, kila mstari, ndiko zana yangu ilikokuwa imeyaweka maneno ya pembeni.

Jumatatu, wenye sare wakaja kujaribu nguo. Wanaongoja zamu husoma chochote kilichopo ukutani.

Simu ilikuwa fupi safari hii. "Bi, njoo. Wamesoma."

Tulikwenda. Tulipovuka daraja la Sabaki shangazi akauliza, bila kunitazama, "Uliandika na lile la yule mwalimu wa hesabu?"

"Kila kitu, shangazi."

"Ya Rabi," akasema, akajifunika uso kwa ushungi.

Chumbani Mambrui walikuwa wanawake tisa juu ya mkeka. Shangazi akatoa salamu, nao wakaitikia kwa pamoja, kama wanavyomwitikia mtu waliyekuwa wakimsema. Mama wa bi harusi, mwanamke mwenye kifua cha kuvutia na sauti inayolingana nacho, alikuwa ameshika ukurasa wa kwanza.

"Karibu, fundi," akasema. "Tunasoma."

"Naona."

"'Huvuta pumzi ndani,'" akasoma. "'Mchekeshe kwanza, ndipo upime.' Fundi! Ile hadithi ya kuku wa jirani yako aliyeingia msikitini. Miaka yote hii unanihadithia kuku yule. Kumbe ni ili nitoe pumzi?"

"Kuku yupo," shangazi akasema kwa unyonge. "Kuku ni wa kweli."

"Na mimi?" akadakia mwanamke mwembamba, mwalimu wa hesabu katika shule ya pale, aliyekuwa ameketi kando ya wenzake. "'Anasema amepungua. Hajapungua.' Basi. Nukta. Hata neno la kunipa moyo hakuna."

Mwanamke mmoja wa Jilore, rafiki wa mama wa bi harusi tangu walipokuwa wakiuza mboga pamoja, alikuwa akiutafuta mstari wake kwa kidole. Akaupata, akausoma, akausoma tena.

"Wangu unasema 'Hana neno,'" akalalamika. "Maneno mawili! Kwani mimi sina la kuandikwa? Wenzangu wana mabega, wana pumzi, mimi sina neno? Mngenibandika hata kwa chifu nisingejali, lakini mngeandika kitu!"

Niliona ni wakati wa kujitokeza. "Mama zangu, shikamooni. Kosa ni langu. Kuna zana niliyotumia, ambayo badala ya kupita mlangoni, inapita ukutani na kuchukua—"

"Nani alipita ukutani?" akauliza mama wa bi harusi, na wanawake watatu wakajivutia buibui mwilini.

"Si mtu, mama. Ni programu."

"Keti, mwanangu," akasema, si kwa ubaya. "Haya ni ya watu wazima." Nina miaka thelathini na tisa. Niliketi.

Kisha akaishusha ile karatasi mapajani, na sauti yake ikapungua. "Fundi, nikwambie jambo. Siku zote nilijua unawapunguzia hawa." Akawaonyesha wenzake kwa mkono. "Shoga yangu huyu ukimtajia thelathini na nane, mimi nauma mdomo nisicheke. Najisemea, fundi ana huruma. Lakini mimi nilidhani yangu ndiyo ya kweli. Mimi nilidhani mimi ni arobaini na sita."

Kisha yule shoga yake akasema polepole, "Na mimi nilidhani mimi tu ndiye asiyepunguziwa."

"Hata mimi," akasema wa tatu.

"Mimi nilikuwa nakuoneeni huruma nyote," akasema wa nne.

Ikazunguka mkeka mzima. Kila mmoja alikuwa amelijua punguzo la wenzake na hakuna aliyelijua lake. Ile ilikuwa programu bora kuliko yangu, iliyofanya kazi miaka thelathini bila umeme, na mimi ndiye niliyeiangusha kwa mstari mmoja.

Shangazi hakunitaja. Angeweza kusema ni mtoto wa kaka yake na kompyuta zake, nao wangelikubali hilo upesi. Aliichukua ile karatasi kutoka mapajani, akazibandua zile tatu ukutani, akazikunja na kuzitia kifuani.

"Yaliyoandikwa ni mimi niliyeyaandika," akasema. "Hayakuwa ya kusomwa. Mlinipa siri nami nimewavunjia sitara. Mnisamehe. Na anayetaka kitambaa chake, kipo pale kwenye kabati, hakuna atakayemuuliza."

Mwalimu alikwenda kabatini. Lesi yake ilikuwa haijakatwa bado. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaitia mkobani.

"Si namba, fundi," akasema. "Nafundisha hesabu, namba hazinitishi. Ni kwamba wenzangu wamesoma." Akaaga kwa adabu, akatoka, na shangazi akaketi kwenye kigoda.

Nilifikiri wengine watamfuata. Nadhani hata wao walikuwa wakifikiri hivyo, wakimngoja mama wa bi harusi aamue. Naye akasimama, akavua buibui, akainua mikono.

"Nipime."

"Kipimo chako ninacho, dada yangu."

"Nipime, fundi. Hapa, mbele ya watu. Na useme kwa sauti."

Shangazi akainuka. Akaitoa tepu shingoni, akaizungusha nyonga za mama yule, akaisoma kwa jicho moja. Wanawake wote wakanyoosha shingo. Kila mmoja pale alikuwa ameisoma ile hamsini na mbili kwa macho yake, imechapishwa kwa wino mweusi.

"Arobaini na sita!" akatangaza shangazi, uso mkavu kama wa kadhi.

Mama wa bi harusi akawageukia wenzake, mikono bado juu. "Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Mmoja akaanza kucheka, akajaribu kujizuia kwa kanga, ikashindikana. Kikawa kicheko cha kulala mkekani. Walipotulia walipanga foleni, wote wanane, kupimwa upya na kutajiwa upya, na yule wa Jilore alipofikiwa alimwambia shangazi apunguze inchi nane na aandike maneno yasiyopungua kumi.

Lakini njiani kurudi shangazi hakucheka. Alikuwa akiihesabu ile lesi moja iliyoondoka.

"Kabla hujamtuma mwanamke mwingine yeyote kwenye simu ile," akaniambia, "utajituma wewe. Kipimo chako, na maneno nitakayoyaandika mimi. Na itabandikwa ukutani Mambrui wasome."

Nilifanya kazi siku mbili bila kwenda chuoni. Nilichogundua ni rahisi kukieleza na kigumu kukitenda. Zana ya nje, iwe ya heshima au ya kupita ukutani, haiwezi kujua lipi ni la kusema na lipi ni la kuficha. Anayejua ni kitu chenyewe. Kwa hiyo nilimfunza Mteja ajifungashe mwenyewe. Mita za kitambaa anaziandika wazi, maana hizo hata muuza lesi anazijua. Vipimo vya mkasi anavifunga kwa herufi za fumbo ambazo programu ya fundi tu ndiyo inayoweza kuzifumbua. Maneno ya pembeni hayasafiri kabisa, yanabaki Shella. Na akifika Mambrui hafunguliwi hivi hivi, anapita mlangoni kama kila mtu na kukaguliwa, mikono yake na kiuno chake.

Sitakudanganya kwamba mvutano umekwisha. Kila nikimwongezea Mteja jambo jipya moyoni, inanibidi nikumbuke kumfunza jinsi ya kulifungasha, na nikisahau, litapotea njiani. Kuna uchovu ndani yake. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba uchovu huo ndio kazi yenyewe, na kwamba wataizoea, kama nilivyoizoea mimi.

Shangazi akanipima. Alitamka namba nzuri sana. Kisha akaniamuru nigeukie ukuta, akaketi mbele ya kompyuta na kuandika maneno ya pembeni kwa kidole kimoja. Alichukua dakika ishirini. Nilisikia akicheka mara mbili.

Nikajituma Mambrui. Fundi akachapisha, akabandika, akanikatia gauni la lesi kwa kipimo hicho. Alhamisi ya wiki ya mwisho nilikwenda kulijaribu gauni langu nikawakuta wanne wamesimama mbele ya karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja wa kueleweka, mita tatu na nusu, na chini yake mstari mrefu wa herufi na alama zilizochanganyika.

"Hata inchi moja haionekani?" mama wa bi harusi akauliza.

"Mtoto wa kaka yake wamemficha," akasema yule wa Jilore, "sisi wakatuanika!"

"Mama, na yako itakuwa hivi hivi kuanzia leo," nikamwambia.

"Yangu iacheni wazi. Kwanza mmeshayaandika yale maneno kumi?"

Mwalimu alikuwa pamoja nao. Wenzake walikuwa wamemwambia aje aone. Alitoa kalamu na daftari la mazoezi, akaunakili ule mstari, akaketi pembeni akausumbukia kwa muda mrefu wakati mimi navaa na kuvua. Alihesabu herufi zinazojirudia. Alijaribu kuzigeuza namba, akafuta, akajaribu tena. Gauni langu lilinikaa sawasawa mabegani na kiunoni, na nikaona anaitazama lesi ilivyolala, kisha anaitazama karatasi, kisha anarudi kwenye daftari lake.

Mwishowe alilifunga bila kupata hata inchi moja. Akaenda kwenye meza ya kukatia, akaitoa lesi yake ya zambarau mkobani, pembe kwa pembe kama alivyoikunja, akaiweka mbele ya fundi.

"Harusi ni kesho kutwa," akasema. "Utawahi?"

Fundi alikuwa ameshaushika mkasi.